Maji Yapo, Mahindi Yananyauka

Kila mwaka mvua ikikatika katikati ya msimu, Januari au Februari, wakulima wa Shinyanga na Simiyu huuliza swali lile lile. Mvua iliyonyesha ni moja, mashamba yamepakana, mbegu imetoka duka moja. Kwa nini mahindi ya huku yameanza kujikunja siku ya tano, na ya kule bado yamesimama wiki ya pili? Wengine hutaja mbolea, wengine mbegu, wengine bahati. Mimi naomba tuangalie chini ya miguu yetu. Mahindi hayanywi mvua. Hunywa kile ambacho udongo umebaki nacho mvua ikishapita, tena hata hicho hayakimalizi.

Udongo umejaa vitundu, vingine vikubwa, vingine vidogo visivyoonekana kwa jicho. Mvua kubwa inaponyesha, vyote hujaa maji na hewa hufukuzwa. Mvua ikikoma, vitundu vikubwa huanza kuachia maji yake, yanazama chini kwa uzito wake yenyewe. Kwenye kichanga kazi hiyo huisha kwa muda wa siku moja hivi. Kwenye tifutifu huchukua siku mbili, na kwenye mfinyanzi siku tatu au zaidi. Maji hayo yanayozama ni mengi na yanaonekana kwa macho, ndiyo maana yanatudanganya. Mmea huyapata kidogo yakiwa njiani, kisha yanaondoka. Yakikosa pa kwenda huwa madhara, maana mzizi unahitaji hewa kama tunavyoihitaji sisi. Mahindi yakisimama ndani ya maji siku mbili tatu huanza kugeuka manjano na kudumaa. Mpunga huvumilia kwa sababu umeumbwa na njia za kupitisha hewa kutoka majani hadi mizizini.

Baada ya maji hayo kushuka, vitundu vidogo hubaki na maji yake. Udongo umeyashika kwa nguvu inayotosha kuyazuia yasizame, lakini mzizi una nguvu zaidi na unaweza kuyavuta. Haya huitwa maji ya kapilari, na ndiyo chakula cha shamba zima. Kila siku jua linapowaka, majani huvuta, vitundu vikubwa kati ya hivyo vidogo humalizwa kwanza, na kinachobaki kinashikwa kwa nguvu zaidi na zaidi.

Mwishoni hubaki utando mwembamba sana ulioganda juu ya chembe za udongo zenyewe. Upo hata ndani ya vumbi la Septemba. Ukitaka kuuona, chukua udongo mkavu kabisa wa mfinyanzi, uweke kwenye sufuria kuukuu, funika, bandika motoni. Baada ya muda mfuniko utatoka jasho. Maji hayo yalikuwa shambani mwako siku zote za kiangazi, na hakuna mzizi uliowahi kuyanywa.

Mtaalamu wa Marekani, Lyman Briggs, aliyagawa maji ya udongo katika makundi hayo matatu mwaka 1897. Mwaka 1912, yeye na Homer Shantz walichapisha matokeo ya kazi iliyopaswa kujulikana na kila mkulima: walipanda mimea ya aina nyingi kwenye udongo mbalimbali, wakaiacha inyauke, wakapima unyevu uliobaki. Kwenye udongo wa aina moja, mimea tofauti ilifikia kikomo karibu kwenye unyevu ule ule. Maana yake ni kwamba kikomo cha kunyauka huwekwa na udongo kuliko mmea. Mtama unaposhinda mahindi wakati wa ukame, mara nyingi ni kwa sababu mizizi yake imefika mbali zaidi na majani yake yanajua kupunguza matumizi. Haunywi maji ambayo mahindi yaliyo pale pale yameshindwa kuyagusa.

Kikomo hicho hukadiriwa kuwa mvuto wa angahewa 15. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa takriban angahewa 2, kwa hiyo fikiria jani la muhindi likivuta kwa nguvu zaidi ya mara saba ya hiyo, na bado udongo unagoma.

Sasa tuweke tarakimu, kwa kuwa bila tarakimu maneno haya hayamsaidii mtu kupanga kazi. Milimita moja ya mvua ni lita moja katika kila mita moja ya mraba. Chukua udongo wenye kina cha mita moja, uloweshe wote, subiri maji yanayozama yaondoke. Kichanga kitabaki na takriban milimita 120, na kati ya hizo kama 50 ni zile zisizong'oka, hivyo mmea una 70. Tifutifu itabaki na 250, zisizotoka ni 100, mmea una 150. Mfinyanzi mzito wa mbuga utabaki na 360, lakini 220 ni zake mwenyewe, na mmea unapata 140 tu. Hizi ni za wastani, shamba lako linaweza kuwa juu au chini, lakini mpangilio ndio huo. Mbuga hushika maji mara tatu ya kichanga, na bado humpa mkulima sawa na tifutifu au pungufu.

Hapa ndipo mkono unapotudanganya. Ukichimba mbuga yenye milimita 220 kwa mita, udongo utaufinyanga, utanata vidoleni, utaapa kwamba maji yapo. Maji yapo kweli, lakini mahindi yananyauka. Ukichimba kichanga chenye milimita 100 kwa mita, utaona kama kimekauka, chembe zinamwagika kati ya vidole, kumbe mmea uliosimama pale unakunywa bila shida. Nimewaona wakulima wenye bidii wakiacha kumwagilia kwa sababu bonge la udongo lilikuwa bado bichi. Mkono ni kipimo kizuri, ila lazima ujifunze upya kwa kila aina ya udongo.

Jambo la pili linatokana na hilo hilo. Mvua ndogo ya milimita 10 ikianguka juu ya kichanga kilichokauka, hulowesha kina cha sentimita 10 hivi au zaidi kidogo, na sehemu kubwa ya maji hayo mzizi unaweza kuyatumia. Mvua hiyo hiyo ikianguka juu ya mfinyanzi uliochomwa na jua miezi mitano, udongo huchukua kwanza fungu lake lisilong'oka, na kinachobaki kinakaa juu kabisa ambapo jua la kesho litakikausha. Kwa hiyo mbegu iliyopandwa mbugani kwa mvua za kubahatisha za Novemba inaweza kuota na kufa, wakati ile ya kichangani imesalimika. Januari ikiingia na mvua kubwa zimeshajaza udongo, hali hugeuka: kichanga ndicho kinachoishiwa haraka.

Wazee wa Kisukuma walilijua hili bila mizani. Mteremko mmoja huupa majina mengi: juu karibu na mawe kuna udongo wa changarawe, ukishuka kuna luseni ya kichanga, kisha itogolo yenye tabaka gumu chini, na bondeni mbuga nyeusi inayopasuka kiangazi. Mihogo, karanga na viazi vitamu huenda luseni, mpunga huenda kwenye majaluba ya chini ambapo maji yasiyozama yanageuzwa kuwa faida. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, alisafiri sehemu nyingi za Tanganyika kati ya mwisho wa 1935 na mwanzo wa 1936, na ndiye aliyeufundisha ulimwengu kwamba udongo wa Afrika Mashariki unapangika kama mnyororo kutoka kilele hadi bonde. Wanaolima mteremko huo walikuwa tayari wanapanda kwa kuufuata. Ninachosikitikia leo ni kuona mahindi yakipandwa kila mahali, juu hadi chini, kana kwamba mteremko haupo.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kuujua udongo wako kwa kipimo unachoweza kufanya mwenyewe. Kiangazi, chagua sehemu ya kawaida ya shamba. Pima mita moja kwa mita moja, izungushie tuta dogo la udongo ili maji yasitoroke. Mimina polepole ndoo 5 za lita 20. Hizo ni lita 100, sawa na mvua ya milimita 100. Funika kwa turubai au nailoni ili jua lisiyaibe, acha siku mbili. Kisha chimba katikati, uone unyevu umefika wapi. Ukikuta umefika mita moja au umepita, una kichanga na akiba yako ni ndogo. Ukikuta umeishia sentimita 60 hivi, una tifutifu, mshukuru Mungu. Ukiishia karibu nusu mita, ni mfinyanzi. Maji kidogo yatakuwa yametambaa pembeni, kwa hiyo ni makadirio, lakini makadirio ya shamba lako mwenyewe yanakufaa kuliko jedwali la mbali. Usifanye hivi kwenye mbuga yenye nyufa, maana maji yataingia kwenye ufa na kukupa jibu la uongo.

Wakati unachimba, angalia kitu kingine: je, jembe limegonga sehemu ngumu sentimita 15 au 20 kutoka juu? Mashamba mengi yaliyolimwa miaka mingi kwa jembe la ng'ombe au trekta kwa kina kile kile yana tabaka lililoshindiliwa, na itogolo ina lake la asili. Hili ni jambo zito kuliko aina ya udongo. Muhindi uliokomaa katika udongo mzuri hupeleka mizizi mita moja na zaidi. Tabaka likiuzuia kwenye sentimita 30, hata kama una tifutifu, akiba yako si 150 tena bali ni 45.

Fanya hesabu ya siku. Mahindi yaliyo karibu kutoa mbelewele, jua likiwa kali, hutumia kama milimita 5 kwa siku. Hunywa kwa raha takriban nusu ya akiba. Baada ya hapo yanaanza kujibana na mavuno hupungua hata kabla hujaona jani likinyauka. Tifutifu yenye mizizi ya mita moja: akiba 150, nusu ni 75, siku 15. Kichanga chenye mizizi ya mita moja: akiba 70, nusu ni 35, wiki moja. Tifutifu iliyozuiwa kwenye sentimita 30: akiba 45, nusu ni kama 22, siku 4 tu. Mkulima huyo wa mwisho ana udongo bora kuliko jirani yake wa luseni, na bado mahindi yake yatakunjamana kwanza. Hata akiongeza mbolea haitamsaidia. Anachohitaji ni kupasua tabaka hilo kiangazi, udongo ukiwa mkavu, kwa jembe la kuchana linalokokotwa na ng'ombe, kwenye mistari atakayopanda. Hahitaji kugeuza shamba lote. Kupanda mbaazi kwa zamu na mahindi pia husaidia, kwa kuwa mizizi yake ina nguvu ya kupenya na huacha njia ikioza.

Maji yanayozama nayo hayaendi mikono mitupu. Naitrojeni ya mbolea ya kukuzia huyeyuka na kushuka nayo chini ya mizizi, hasa kwenye kichanga. Ukiweka urea yote kwa mkupuo mmoja luseni, kisha ikapiga mvua ya milimita 60, umeimwaga. Igawe mara mbili au tatu, ifukie, na uweke udongo ukiwa na unyevu bila kuwa umejaa. Mfinyanzi unakusamehe zaidi kwa upotevu huo, ila ukituamisha maji sehemu ya naitrojeni hupotea hewani.

Kuhusu samadi, nitasema wazi kwa sababu yameahidiwa mengi juu yake. Haiwezi kuigeuza luseni kuwa tifutifu kwa msimu mmoja, na nyongeza yake ya maji yanayoshikwa ni ya polepole. Faida yake kubwa ya haraka ni kwamba inazuia uso wa udongo kuganda, na hivyo mvua inaingia badala ya kuteremka mtoni. Maji ambayo hayakuingia hayana kundi lolote kati ya yale matatu. Usukuma una ng'ombe wengi kuliko sehemu nyingi za nchi, na bado unaweza kupita zizi lenye lundo la samadi la miaka mingi, na hatua mia kutoka hapo kuna shamba lililochoka. Mkokoteni mmoja uliopelekwa kwenye mashimo ya kupandia, konzi mbili kila shimo, una kazi kubwa kuliko mikokoteni mitano iliyotawanywa.

Matuta ni desturi ya huku, na ni desturi njema, lakini tuta lililoelekea mteremkoni linafanya kazi ya mfereji wa kutolea maji. Lielekeze likate mteremko, na funga mifereji kwa vizuizi vya udongo kila baada ya hatua mbili au tatu, maji yasimame mpaka yazame. Watafiti wa Ukiriguru, karibu na Mwanza, walijaribu matuta ya kufungwa tangu zama za ukoloni kwenye pamba, na mbinu hiyo bado inafaa kwenye luseni na kwenye tifutifu. Mbugani usifunge. Huko tatizo lako ni maji yasiyoondoka, na vizuizi vitayazamisha mahindi. Mbugani panda mpunga, au acha mifereji wazi na upande juu ya tuta mazao yanayostahimili, kama mtama na dengu za mwisho wa mvua zinazomalizia unyevu uliobaki.

Kuna ushauri unaotolewa kirahisi mno: funika udongo kwa mabua. Ni kweli kwamba sentimita 10 za juu hukaushwa na jua na upepo bila mmea kufaidika, na matandazo huzuia hilo. Lakini anayesema hivyo amesahau kwamba Agosti mabua ndiyo chakula cha ng'ombe, na kwamba ng'ombe wa jirani hawajui mpaka. Ukiwa na ngitili, eneo la malisho lililofungwa msimu wa mvua ili liliwe kiangazi, unaweza kuacha sehemu ya mabua shambani. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986, ulifufua ngitili nyingi kwa ajili ya malisho na miti, na naamini mashamba ya mahindi nayo yanafaidika pale familia inapokuwa nayo. Usipokuwa nayo, usijilaumu. Palilia mapema badala yake. Magugu hunywa kutoka akiba ile ile, na palizi ya wiki ya pili na ya tatu hurudisha siku kadhaa za maji bila gharama nyingine.

Ukame ukiwa umeingia, usisome majani mchana. Saa nane jua likiwa kali hata muhindi wenye maji ya kutosha unaweza kujikunja, kwa kuwa jani linapoteza maji haraka kuliko mzizi unavyoleta. Nenda alfajiri, kabla ya saa moja. Majani yakiwa yamefunguka, akiba bado ipo. Yakiwa bado yamejikunja baada ya usiku mzima, udongo umefika karibu na kikomo, na kama una maji ya kumwagilia hata kidogo, leo ndiyo siku yake. Na ukikuta mistari michache tu imenyauka huku chini pana unyevu, ng'oa mmea mmoja utazame mizizi. Kwenye luseni mara nyingi utakuta gugu liitwalo kiduha limejishikiza hapo likifyonza kabla ya mahindi. Hapo maji hayatakuokoa. Ng'oa kiduha kabla hakijatoa maua, na msimu ujao panda kunde au karanga kwenye sehemu hiyo.

Kwa wenye bustani za nyanya na mchicha karibu na kisima, hesabu ni ile ile kwa kipimo kidogo. Mizizi ya nyanya changa ikiwa kwenye sentimita 40 za juu, tifutifu ina akiba ya milimita 60, na nyanya huanza kuumia baada ya kutumia kama 24. Hizo ni lita 24 kwa mita moja ya mraba, kila siku ya nne au ya tano. Kwenye kichanga akiba ni 28 na sehemu ya raha ni 11, kwa hiyo lita 11, kila baada ya siku mbili. Anayemimina lita 40 kwa mkupuo kwenye kichanga amechota maji kisimani ili ayarudishe ardhini. Anayenyunyiza lita 2 kila jioni kwenye tifutifu analowesha vidole viwili vya juu, mizizi inabaki juu ikisubiri, na siku akisafiri bustani yote inalala. Baada ya kumwagilia, ngoja hadi kesho yake, chimba shimo dogo pembeni ya mmea mmoja, uone unyevu umeishia wapi. Ukiwa haujafika mizizi inapoishia, ongeza. Ukiwa umepita, punguza ndoo, na tuta linalofuata lipate maji hayo.